Jorunn na Maji ya Buvågen

Jorunn Ellingsen haliamini neno "panapitika". Ukimwambia mahali panapitika atakuuliza panapitika na nani, kisha atatoa futi mfukoni na kuanza kupima kizingiti chako mbele ya macho yako. Pale Buvågen, visiwani Lofoten, kaskazini ya mbali, watu walimcheka sana alipoanza. Walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Siku hizi hata mchungaji akitaka kutengeneza mlango wa kanisa humwita Jorunn kwanza.

Kazi yake ni gari lenye lifti nyuma. Meli za watalii ni kubwa mno kwa bandari yetu, hivyo hutia nanga nje na kuwaleta watu kwa boti hadi kwenye gati linaloelea. Wenye miguu mizima hupanda mabasi. Wenye viti vya magurudumu ni wa Jorunn. Shida iko kwenye daraja la chuma linalounganisha gati na nchi kavu: maji yakijaa hulala sawasawa, yakipwa husimama kama paa la nyumba. Kwa hiyo Jorunn hafuati saa ya meli, hufuata maji.

Ujuzi huu hakuupata shuleni. Mumewe, Oddmund, alikuwa nahodha wa mashua ya chewa kwa miaka arobaini, mpaka kiharusi kilipomchukua mguu mmoja na nusu ya mkono. Jorunn akapanua milango yote, akavunja choo akakijenga upya, akapigilia mbao toka barazani hadi barabarani. Nyumba ikawa tayari. Oddmund akakataa kutoka.

"Sisukumwi mbele ya watu kama toroli la samaki," alisema, na akashikilia neno hilo kwa miaka miwili, mchana kutwa dirishani na darubini yake. Jorunn alibembeleza, akanuna, akagombana, akaacha. Lakini ilimuuma. Aliwazungusha wageni kutoka kila pembe ya dunia kisiwa kizima, na wa kwake mwenyewe alikiona kupitia kioo. Aliogopa kwamba iko siku atarudi kutoka kazini amkute amekufa pale pale dirishani.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa la mtu wa kwetu tu. Majedwali yetu ya zamani ya maji kujaa na kupwa huandikwa kwa saa za majira ya baridi. Ikifika kiangazi saa zetu husogezwa mbele, basi unaongeza saa moja, na mtoto wa Buvågen hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwaka huo ofisi ya bandari ilikuwa imeshaiongeza yenyewe, na kuandika hivyo juu kabisa ya karatasi. Nani husoma juu ya karatasi? Mazoea yana taabu. Jorunn akaongeza saa yake juu ya saa yao.

Siku hiyo alikuwa na abiria watatu: Tove, bibi wa Kidenmaki mwenye ulimi wa pilipili, na ndugu wawili wa Kiswidi, Sixten na Folke, waliobishana tangu walipoteremka. Aliwapeleka ufuoni kwenye mchanga mweupe, akawapeleka kanisani, akawapitisha kwenye vichanja vya samaki. Saa nane u nusu mchana aliingia gatini akipiga mluzi. Daraja lilikuwa limeinama kiasi kwamba kiti kingeteremka chenyewe mpaka baharini.

"Umechelewa, Jorunn," alisema Steinar, mtunza gati.

"Nimechelewa wapi? Nina nusu saa nzima."

"Labda kwa maji ya mwaka jana."

Jorunn akachomoa karatasi, akasoma pale juu, akahisi uso unamwaka. Mabaharia wawili wakajitolea kuwabeba abiria mgongoni.

"Mwanangu," Tove alimwambia mmoja wao, "mwanamume wa mwisho kunibeba alikuwa mume wangu, siku ya harusi, na aliniangusha. Nitangoja maji."

Meli ilikuwa ing'oe nanga saa tatu u nusu usiku, na daraja lingefaa tena kwenye saa mbili na robo usiku. Hiyo ni karibu saa sita, na mgahawa wa gatini una ngazi tano na choo cha kuingia kwa ubavu. Nyumba iliyoweza kuwapokea ilikuwa moja tu. Jorunn akapiga simu.

"Nakuja na wageni watatu."

"Waambie sipo," alisema Oddmund.

"Wataambiwa upo wapi, baharini?"

Walipofika, alikuwa ameshajifungia chumbani. Jorunn akabandika sufuria ya chewa na viazi. Tove hakuuliza mtu. Akajisukuma hadi mlangoni, akagonga.

"Wewe ndiye nahodha?"

"Nilikuwa."

"Mkeo amekosea maji. Nahodha gani huyo, mke wake anakosea maji?"

Mlango ukafunguka.

"Amekosea nini?"

Akapewa karatasi. Akaisoma, akaanzia juu. "Jorunn," alisema, "miaka yote hii unalala na nahodha." Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na Jorunn aliyekuwa ameshika mwiko alisahau viazi vikaungua. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Alikula mezani na watu, akawakemea Waswidi kwa namna wanavyopika chewa, akaulizana na Tove nani aliyepata kiharusi kibaya zaidi. Tove akashinda.

Saa mbili kasorobo usiku Jorunn alianza kuwavisha wageni makoti.

"Nani atawaambia daraja likiwa tayari?" aliuliza Oddmund.

"Steinar yupo."

"Steinar anajua soga, maji hajui. Lete koti langu."

Jorunn akalileta mbio kabla hajabadili nia.

Jua lilikuwa bado juu, maana kiangazi kwetu halizami, na nusu ya kijiji ilikuwa gatini. Lifti ikamshusha Tove, ikamshusha Sixten, ikamshusha Folke, ikamshusha Oddmund. Kwetu ukimshangilia mtu umemwaibisha, na kila mmoja pale alilijua hilo.

"Oddmund," alisema Steinar.

"Steinar."

"Upepo umegeuka."

"Tangu saa kumi. Ulikuwa wapi?"

Mama wa dukani akapita na kikapu chake, akaitikia kwa kichwa kana kwamba walionana jana, akaenda zake. Basi, yakaisha. Oddmund akayakazia macho maji kwenye nguzo, akangoja, akasema, "Sasa." Wageni wakateremka mmoja mmoja, polepole. Tove alimshika mkono nahodha muda mrefu kuliko kawaida ya kuagana.

Jorunn akaenda nyuma ya gari akalia, kilio cha furaha kilichochelewa miaka miwili. Akajifuta, akarudi kumpandisha mumewe.

"Tusiende nyumbani bado," alisema Oddmund, akitazama mbele. "Hao Waswidi wanasema umewaonyesha ufuo. Na mimi nionyeshe."

Jorunn akafunga mikanda ya kiti chake, akaikagua mara mbili, wakaenda.