Programu Niliyoichagua Thika

Mwishoni mwa miaka ya tisini, binti yetu alipoolewa Mombasa, nyumba yetu ya Kimbo, karibu na Ruiru, ilibaki na mimi na mke wangu tu. Nikaamua kumtengenezea binti filamu fupi ya siku ile wakwe walipoleta mahari. Mpiga picha aliyeirekodi siku hiyo alikuwa amenikopesha kanda yake yenye urefu wa saa tatu.

Nikaipeleka Thika, kwa mama mmoja aliyekuwa na kompyuta ya kuhariri video. Alinionyesha programu mbili. Ya kwanza ilikuwa kavu, haina mapambo, lakini ingeshughulikia kanda yote kipande kwa kipande, mradi nirudi kwake siku nne. Ya pili ilikuwa na maua, mioyo na maandishi yanayoteleza, ila kazi yote ilibidi itoshee kwenye diski ya kompyuta: nusu saa, basi.

"Hii ya maua," nikasema.

"Mzee, unachagua programu ama unachagua kitenge?" Akacheka. "Chukua hii nyingine. Usikate watu wako."

Sikumsikiliza. Nilitaka wakwe waone jina la ukoo wetu likiteleza juu ya maua.

Tukaanza kukata. Kwetu, siku ya mahari, wazee huongea kwa zamu, na kumruka mmoja ni kumtukana. Kwa hiyo sikugusa hotuba hata moja. Nikakata picha za jikoni, wanawake wakipika. Nikakata na za langoni, pale wanawake walipowazuia wageni kwa nyimbo, mke wangu akiongoza na kuwatania wakwe hadi wakatoa zawadi ndipo lango likafunguliwa.

"Huyu anayeimba ni nani?" yule mama akauliza.

"Mke wangu."

"Na unamkata?"

"Yeye ni wa nyumbani, ataelewa," nikasema.

Jioni nikamwekea mke wangu filamu. Akatazama mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Baba watoto, kumbe ile nyama ilijipika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasimama, akaenda kuwafungia kuku.

Ningeweza kurudi Thika na kuanza upya, kwa kuwa kanda ya mpiga picha bado ilikuwa mezani kwangu. Lakini niliona haya kumwambia yule mama kwamba alikuwa amesema kweli. Wiki iliyofuata nikamtumia binti filamu yake, nikairudisha kanda, nikamwambia mpiga picha nimemaliza. Akarekodi harusi ya watu wengine juu yake, kama walivyofanya wote wakati ule.

Kabla mwaka haujaisha, mke wangu akaugua, akafariki. Baada ya mazishi binti alirudi Mombasa, nami nikawa ninazungumza na redio. Siku moja nilimpigia kutoka kibanda cha simu cha Ruiru.

"Baba, ile kanda kubwa bado unayo?" akaniuliza. "Nataka kumsikia Mama akiimba pale langoni. Kwa hii yangu hayuko."

Ningeweza kumsingizia mpiga picha, au kompyuta.

"Haipo tena," nikamwambia. "Nilimkata mimi, ili hotuba zitoshee. Na kanda nikairudisha mimi."

Nilisikia watoto wa jirani yake wakicheza. Nyuma yangu mtu aligonga kioo, akitaka simu. Binti hakunilaumu. Aliniuliza ni nani ananipikia siku hizi.

"Najipikia," nikasema.