Moyo wa Fundi Athuman

Athuman, fundi cherehani wa Bulyaga, alikuwa ameshachagua mahali pa kuzikwa kabla hata hajafika zahanati. Alimwambia mkewe, Mwantum, kwamba moyo unamwenda mbio kama wa marehemu baba yake, aliyeanguka akiwa kwenye cherehani, kanzu ya mteja mapajani. Mwantum hakulia. Alimshauri apunguze kahawa.

Kahawa ilisingiziwa. Mambo yalianza Ramadhani, mteja mmoja alipomrekodi akidarizi shingo ya kanzu na kuiweka video mtandaoni. Sifa zikamiminika mpaka kutoka Dar es Salaam. Sifa ni tamu jamani, na mtu mzima wa watu alikuwa hajazizoea. Akanunua simu kubwa, akaanza kujirekodi mwenyewe. Tangu hapo simu ikilia anaishika, isipolia anaishika vilevile, aone kwa nini hailii. Akisifiwa moyo unadunda, akitukanwa unadunda zaidi. Karibu na Maulidi alikata kanzu jicho moja likiwa kwenye maoni ya watu, na mikono yote miwili ikatoka ya kushoto.

Lakini hofu yake haikuwa ya kuigiza. Kifua kilikuwa kikimpiga mchana kutwa, vidole vikitetemeka hadi uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Aliogopa kufa, na aliogopa kumwacha Mwantum mjane.

Mwishowe mkewe akamwandalia koti la mvua, wakaenda zahanati. Nesi Alinanuswe, mama wa Lufingo asiye na maneno mengi, alimpima presha, daktari akaupima moyo kwa mashine, wote wasione kasoro. Nesi akamshika kifundo cha mkono ayahesabu mapigo mwenyewe. Yalikwenda vizuri tu, mpaka ile simu yake kubwa ilipotetemeka ndani ya mkoba wa Mwantum. Athuman, kwa adabu, hakugeuka. Mshipa ndio ulioruka.

Nesi akautazama mkoba. Simu ikatetemeka tena, mshipa ukaruka tena. Basi akamweleza kwa upole kwamba moyo wake ni mzima, ila anaushtua mwenyewe asubuhi hadi jioni, na moyo nao huchoka. Aiweke simu mbali akiwa kazini, kisha arudi wiki ijayo wamwangalie.

Mwantum akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika machoni. Miezi yote hiyo alikuwa akitenga chakula na kuita bila kuitikiwa, na ilimuuma.

"Nesi, usiutoe mkono kwanza. Nataka kujua kama mshipa unaruka hivyohivyo nikimwita mimi."

Athuman aliona aibu. Alijua hautaruka.

"Baba Farhan," Mwantum akaita, taratibu, kama anavyomwita chakula kikiwa tayari.

Nesi akasubiri, macho kwenye saa ya ukutani.

"Hapana mama, hauruki," akasema, na Mwantum akainamisha uso. "Unatulia. Mwite tena."