Karani Aliyehamia Sokoni

Yule karani wa vyeti vya kuzaliwa, tangu arudi kutoka mafunzoni, siku ya soko Garsen anabeba meza anaiweka katikati ya mbuzi. Vidole vinapiga kompyuta, macho yako kwa mama aliye mbele yake. "Mtoto alizaliwa msimu wa mvua gani, dada?" anauliza polepole. Leo bosi wake akaja kufoka: "Nani alikutuma huku? Rudi ofisini." Mimi niliyekuwa foleni nyuma ya mama huyo nikataka kumjibu. Karani akaniinulia kidole. "Bosi, nikirudi, Ladan huyu anarudi kijijini Nanighi bila cheti, na mtoto wake hasajiliwi kwa mtihani." Akamsukumia mwavuli uliokuwa kando ya meza. "Shika hapa, jua linapiga kioo cha kompyuta." Bosi akaushika, shingo imekakamaa. Karani akamgeukia mama: "Haya, Ladan, baba yake mtoto anaitwa nani?"