Mkungu Haukuingia Kwenye Sanduku

Wamemkubali Deusi wangu! Ukweni Kitendaguro wamemkubali!

Habari zenu, ndugu. Nimeshindwa kungoja kesho.

Mnaijua ile pikipiki ya mwanangu, ya lami na ya matope, ndefu kama yeye? Juzi ameifungia masanduku mawili ya bati pembeni. Yanang'aa, hata uso wangu niliuona humo.

Leo asubuhi anakwenda kujitambulisha ukweni. Mimi mama yake namletea mkungu wa ndizi niliouchagua mwenyewe shambani.

Haukuingia.

"Mae, tuukate vichane, vitaenea."

"Vichane ni vya sokoni, Deusi. Ukweni unapeleka mkungu mzima."

Akanuna! Lakini akashika spana, akayafungua na kuyashusha masanduku yake mazuri yote mawili. Mkungu tukaufunga nyuma kwa kamba za mgomba.

Mimi nikatangulia kwa basi, kwa hiyo nilikuwa nimeshakaa ukweni alipoingia uani. Baba wa binti ni mzee aliyelima shamba la kijiji cha ujamaa ujanani mwake. Pikipiki hata hakuitazama. Akaupapasa mkungu juu mpaka chini.

"Mzima! Huyu kijana amelelewa."

Amelelewa na nani? Semeni wenyewe hapo chini, mimi nisijisifu.

Na masanduku? Nimerudi nyumbani Izigo nikakuta kuku wangu ametaga ndani ya moja. Deusi bado hajaona, asiambiwe.

Mahari ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tunaondokea kwangu, na mje wote.