Ubishi wa Radi na Saa ya Ukuta

Mwezi wa sita uliopita nilirudi Louisville kwa ajili ya harusi, na kabla ya kwenda kanisani nikapitia kwenye yale maghorofa tuliyokaa nilipokuwa mdogo. Siku hizi yamepakwa rangi ya kijivu. Kule nyuma, mahali mama alipokuwa anapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, pamewekwa lami na mistari ya kuegesha magari. Sikushuka. Nilikaa tu kwenye gari nimeteremsha kioo, na kutoka dirisha moja la juu nikasikia redio ikitangaza mchezo wa besiboli, ile sauti ya mtangazaji asiye na haraka na makofi ya watu kwa mbali. Rafiki yangu, nililia mpaka poda yote ya harusi ikanitoka usoni.

Nisikufiche. Sikulilia mchezo. Nililia ubishi, ubishi wa baba yangu na jirani yetu, ambao nilikua ndani yake kama watoto wengine wanavyokua ndani ya nyumba yenye kinanda. Baba aliushikilia ubishi ule kwa moyo wake wote, na sisi tulijua kwamba siku ukiisha, kitu ndani yake nacho kitakwisha.

Labda nianzie kwenye gongo. Baba alikuwa anapanga maboksi kwenye ghala huko Jeffersontown, na mwenzake wa zamu, mzee mmoja Mmarekani mweusi mwenye mabega mapana, alimpa gongo la besiboli kama zawadi ya ukaribisho. Louisville ni mji wa kutengeneza magongo hayo, kwa hiyo mzee hakuona haja ya kueleza linafanya nini. Baba naye, kwa adabu zake, hakuuliza. Alishukuru, akalileta nyumbani, akaliegemeza nyuma ya mlango.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa analalamika tangu tufike kutoka Kongo kwamba Amerika nzima haina mchi. Sombe, yaani kisamvu, tuliyokuwa tunanunua dukani, ile ya kugandishwa kwenye mifuko, aliidharau kabisa; alisema imekatwakatwa tu, haikutwangwa. Alipoliona lile gongo, hakumuuliza mtu. Aliliosha kwa maji ya moto na chumvi, akamimina sombe kwenye sufuria nzito, akaanza kutwanga mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna bomba limepasuka.

Jirani huyo alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, baba wa mapacha wawili wa umri wangu. Hatukumwita kwa jina; alikuwa Baba Mapacha tu. Alikuta sombe inatwangwa, akakaa, akala, na tangu siku hiyo nyumba yetu na yake zikawa moja. Jumamosi iliyofuata mzee wa ghalani naye alikuja kutusalimia, akaliona gongo lake limekuwa la kijani hadi katikati. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Bibi hakuona kichekesho chochote. "Iko mchi muzuri," alisema. "Uzito yake inatosha."

Ndipo mzee akaanza kutufundisha gongo ni la nini. Alituletea redio, akatupeleka uwanjani karibu na mto, akatuonyesha vijana wanaopita Louisville wakielekea ligi kubwa na wengine wanaoshuka kutoka huko. Uwanjani kulinukia vitunguu vya kukaanga na nyasi zilizokatwa. Mimi na mapacha tulitumwa kutafuta maji ya kunywa, na tulirudi nayo yamebaki nusu. Baba na Baba Mapacha hawakuwajali wapigaji hata kidogo. Walimpenda mrushaji, yule anayesimama peke yake juu ya kichuguu katikati ya uwanja, watu wote wanamtazama, na akikosea hana pa kujificha.

Warushaji wawili waliopitia mji wetu walipanda wakawa wakubwa. Mmoja alikuwa mwembamba, wa mkono wa kushoto, mwenye kurusha kwa hasira. Bibi alimwona kwenye televisheni akamwita Radi, kwa sababu mpira unasikika kwanza halafu ndiyo unajiuliza umepita wapi. Kwa misimu michache hakuna aliyeweza kumgusa. Kisha kiwiko chake kikaharibika, akapasuliwa, akajaribu tena, na habari zake zikaisha. Wa pili alikuwa mnene kidogo, mpole, mwenye uso wa karani. Hakumtisha mtu, lakini kila mwaka alikuwa mzuri, na mwaka uliofuata mzuri vilevile, mpaka Bibi akamwita Saa ya Ukuta.

Swali halikuwa nani alicheza miaka mingi. Hilo hata mtoto angelijibu. Swali lilikuwa hili: kila mmoja alipofika kileleni mwake, nani alikuwa juu zaidi? Baba alisema Radi. Baba Mapacha alisema Saa ya Ukuta. Wakaanza hapo.

Kwa kuwa hawakukubaliana garini wala ghalani, walikokuwa sasa wanafanya kazi pamoja, walimpelekea Bibi kesi, na Bibi hakujua njia ya kusikiliza kesi isipokuwa ile ya kwao, ya barza, mahali watu walipokaa pamoja kumaliza ugomvi wa shamba au wa ndoa. Siku ya Jumapili baada ya ibada viti vilipangwa duara sebuleni. Anayesema anashika mwiko; asiye na mwiko anafunga mdomo. Na kwa desturi yao kesi haisikilizwi kama upande mmoja hauna ndugu. Sasa wale warushaji ndugu zao tungewatoa wapi? Bibi aliwagawia. Mapacha wakawa wadogo zake Saa ya Ukuta. Mimi nikawa dada yake Radi, na nikakalishwa upande wa baba, nimefunga kitenge cha mama, nimekunja uso kama mtu mwenye msiba.

Usicheke, niliichukulia kazi hiyo kwa moyo mmoja. Radi alipotukanwa nilihisi ametukanwa wa tumbo letu.

Mzee wa ghalani aliitwa kuwa shahidi. Bibi akamuuliza, "Muzee, weye uko ndugu ya ule kijana?" Baba alipomfasiria, mzee alinyanyua mkono wa kulia kama yuko mahakamani kweli, akaapa kwamba hana undugu na yeyote kati yao. Kisha Bibi akataka kujua mambo aliyoyaona ya maana: kijana ameoa? Mama yake yuko hai? Mkono ulipovunjika, nani alimpikia?

"Donc, yaani weye unataka kusema kama muntu akipanda na akaanguka, hakupandaka?" baba aliuliza, mwiko mkononi.

Baba Mapacha alisubiri mwiko umfikie. "Sijasema hakupanda. Nasema aliruka. Kuruka na kupanda ni vitu viwili, ndugu yangu."

Hapo baba angesimama, angekaa, angefuta jasho. Mama angeleta ndagala, dagaa wa kwetu, na bugali, mke wa Baba Mapacha angefika na maharage yake ya ndizi, na Bibi angetangaza kwamba kesi haijaiva, murudi siku ingine ya yenga, ndiyo Jumapili nyingine. Kila Jumapili haijaiva. Nilidhani hajui aamue vipi. Sasa naamini alijua vizuri sana alichokuwa anafanya.

Siku moja nilikuwa naosha vyombo na mama, nikamuuliza kwa nini baba anapandisha sauti kwa ajili ya mtu ambaye hata hamjui. Mama aliendelea kusugua sufuria. "Baba yako anajiteteya yeye mwenyewe," alisema.

Nilichelewa kuelewa. Kule Uvira, kabla sijazaliwa, baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Mama anasema watu walikuwa wanatoka mitaa ya mbali kuja kuisikia, na vijana waligombania kuimba chini ya mkono wake. Ilikuwa miaka michache tu. Vita vikaja, kwaya ikatawanyika, wengine wakafa, na baba hakuongoza wimbo tena popote. Louisville alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani na kuimba kwa sauti ya chini. Kwa hiyo alipouliza kama aliyeanguka hakuwahi kupanda, hakuwa anauliza habari za besiboli. Na Baba Mapacha, aliyezaliwa safarini na kukulia kwenye foleni ya mgao, hakuwahi kuwa na miaka yake ya kung'aa. Alichojua ni kuamka, kuvumilia na kuamka tena. Angewezaje kukubali kwamba hilo si kitu?

Kila mmoja alikuwa anaomba heshima kwa mwenzake, na kila mmoja aliipata kwa kule kubishiwa. Sijawahi kuona urafiki mwingine wa namna hiyo.

Kisha tukaachana, jinsi watu wa Amerika wanavyoachana, bila ugomvi. Baba alipata kazi bora upande wa Columbus, tukahamia Hilliard. Baba Mapacha aliwafuata wakweze Buffalo. Bibi alifariki majira ya baridi ya mwaka huo huo, na kesi ikabaki bila hakimu. Lakini timu za miji hiyo mitatu zilikuwa zinakutana uwanjani, na wale wawili wakafanya hiyo kuwa sababu. Timu ya Buffalo ikija Columbus, Baba Mapacha alipiga simu kana kwamba amekuja nayo. Siku nyingine walitumiana ujumbe wa sauti. Baba aliusikiliza wa kwake akiwa anavaa viatu vya kazi, akajibu akiwa anatembea, akacheka peke yake barazani. Nilikuwa chuoni wakati huo, napanga chumba karibu na chuo kikuu, na nikirudi nyumbani mwisho wa wiki swali la kwanza halikuwa masomo. Lilikuwa: unajua ule Mrundi amesema nini?

Halafu kiharusi kikampiga baba. Upande mmoja wa mwili ukafa na maneno yakamtoka. Mtu aliyekuwa amejaa maneno namna ile alibaki na mlio tu, na alijua kuwa ni mlio, ndiyo maana akaacha kujaribu. Mtaalamu wa kumfundisha kusema alituambia tumzungumzishe mambo anayoyapenda. Nikawa namwekea ujumbe wa Baba Mapacha asubuhi na jioni, na mimi dada yake Radi nikawa najibu kwa niaba yake, nikimtazama usoni kuona kama nimejibu sawa. Macho yake yalifuata kila neno, lakini mdomo haukufunguka.

Majira ya kuchipua Baba Mapacha alikuja kutoka Buffalo, yeye na mkewe na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa taulo. Alipoingia akamkuta baba kwenye kiti cha dirishani, amekonda, mkono umelala mapajani. Alivua kofia. Baadaye aliniambia kwamba njia nzima alikuwa anaiandaa hoja mpya, lakini alipomwona, ikamtoka. Alipiga magoti, akamshika mkono.

"Ndugu yangu, nimekubali," alisema. "Radi ndiye. Tangu mwanzo ilikuwa Radi."

Alimaanisha zawadi. Mama alisema asante. Mimi nilitazama uso wa baba, na sitausahau, kwa sababu ulikuwa uso wa mtu anayeona mlango unafungwa yeye akiwa bado ndani. Aliusukuma mkono wa rafiki yake. Akapumua kwa nguvu, shingo ikamvimba, na neno likatoka.

"Apana."

Mama aliweka sahani chini. Baba Mapacha akanigeukia.

"Anasema kesi haijaiva," nilimwambia.

Alifuta uso kwa kofia yake, akavuta kiti, akakaa. "Haya basi," alisema. "Huyo kijana wako alikuwa hawezi hata kumaliza msimu bila kwenda hospitali."

"Apana," baba akasema, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Waliendelea mchana kutwa, mmoja akitukana na mwingine akikataa kwa neno moja, na maharage yakapoa. Ilikuwa mara ya mwisho. Baba alifariki kabla ya majani kuanguka. Kwenye matanga Baba Mapacha alipewa nafasi ya kusema, akasimama mbele ya watu, akasema ametoka Buffalo, kisha akakaa.

Yule mzee wa ghalani naye ameshatangulia, mapacha wana watoto wanaowajibu kwa Kiingereza, na mwiko sijui ulipotelea kwenye uhamaji upi. Hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni Jumapili. Kila Jumapili baada ya ibada nampigia Baba Mapacha, na baada ya salamu namchokoza. Namwambia Saa ya Ukuta hakuwahi kumtisha mtu hata siku moja.

"Ni kweli, mwanangu," ananijibu.

Namwambia Radi kwa msimu mmoja tu alifanya ambayo yule wake hakuyafanya maisha yake yote. Ni kweli, mwanangu. Juzi nikabadilisha upande, nikasema nimefikiri sana na naona yeye ndiye alikuwa sahihi, kwamba Saa ya Ukuta alikuwa juu zaidi, na Radi aliruka tu. Nilisubiri abishe. Nilimsikia mkewe huko Buffalo akimwuliza kitu kutoka jikoni.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Na huyo Radi pia alikuwa mzuri."