Celica iliyogonga ng'ombe, na unga niliotia ndani ya rejeta

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa umri wangu mambo.

Mimi ni wale wa kusoma tu humu. Miaka miwili sijawahi kumjibu mtu hata neno moja. Hii nimeiandika kwanza kwenye daftari langu, nikaikata, nikaiandika tena. Sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu ni yangu mwenyewe, mtaiona.

Niko Nakivale, kambi ya wakimbizi huku magharibi ya Uganda. Kwetu ni Kivu ya Kusini. Nasoma sekondari.

Papa alikuwa tolie kule Bukavu, yaani fundi wa kunyoosha mabati ya gari lililopata ajali. Huku analima maharage. Miaka sita nyundo zake zilikuwa ndani ya mfuko chini ya kitanda. Mama akifagia anazisogeza, akimaliza anazirudisha.

Siku moja Papa akapeleka maharage Mbarara kwa mzee mmoja, askari mstaafu, tunamuita Afande. Nyuma ya nyumba kulikuwa na turubai. Upepo ukainua turubai kidogo.

Papa akasahau maharage.

Celica ya miaka ya themanini, wakuu! Nyekundu, milango miwili, imelala chini kama mjusi anayeota jua. Zile taa za mbele zinazojificha ndani ya boneti, ukiwasha zinafumbuka kama macho!

Lakini uso wake ulikuwa umekunjika wote. Afande aligonga nayo ng'ombe wa huku, wa mapembe marefu. Ng'ombe akainuka akaendelea kula majani. Gari ndilo halikuinuka. Mafundi wote wa mjini walimwambia aliuze kama chuma chakavu.

Papa akaizunguka mara mbili, akapitisha kiganja juu ya bati, akasema, "Afande, hii inapona."

Afande anaongea kile Kiswahili cha jeshi. Alimjibu hivi (Papa ametusimulia mara nyingi mpaka nimekariri):

"Sikiliza, Mukongo. Chukua, tengeneza kwako. Shule nafunga, ile Jumamosi ya kwanza, watu ya chuma nakuja hapa Ruti saa sita. Kama motoka nafika mbele yao na miguu yake, ile kibanda yangu ya barabarani unafanya garage. Kama nakuja na kamba, nawapa wao. Hakuna maneno."

Ruti ni pale unapotokea Mbarara kwenda Kabale, magari yanapita mchana kutwa. Kibanda pale kwa tolie ni kama shamba kando ya mto.

Niwaambie ukweli, nilikitaka kile kibanda kuliko Papa mwenyewe. Kambini watu wanamuita "yule wa maharage". Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka Bukavu walikuwa wanamuita Maitre, yaani fundi mkuu.

Basi gari likaletwa juu ya lori, likashushwa mbele ya nyumba yetu ya udongo. Watoto walijaa mpaka Mama akafunga kuku ndani.

Muhula mzima nikitoka shule navua yunifomu, nashika tochi na nyundo. Papa hapendi kujaza mastiki, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati. Anasema mastiki ni poda ya kuficha chunusi. Yeye anaweka chuma kizito upande wa ndani wa bati, anagonga kwa nje pole pole, halafu anafunga macho na kupapasa. Bati likivimba, anapasha moto fasi ndogo kama kifungo cha shati, anabandika kitambaa chenye maji. Tssss! Linajivuta lenyewe. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu kama mwehu.

Bampa la mbele alilishona kwa vipande vya bati la pipa. Taa ya kushoto aliitengenezea mkono wa kuiinua kwa chuma cha mwavuli. Siku alipowasha, ya kulia ikafumbuka, ya kushoto ikachelewa kidogo, halafu nayo ikafumbuka. Gari lilikuwa linakonyeza! Watoto wakapiga kelele, "Iko hai! Iko hai!" Papa akazima na kuwasha labda mara thelathini. Betri ikaisha. Hakujali.

Injini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa rejeta. Pembe ya ng'ombe iliitoboa, Papa akaziba kwa risasi ya kuyeyusha, lakini ikabaki inatoa jasho.

Sasa njoo kwenye aibu yangu.

Ile Jumamosi ya Afande, asubuhi, Papa yuko chini ya gari, anakaza boliti za mwisho. Akasema, "Mapendo, rejeta iko navuja kidogo. Tia unga ya muhogo mule ndani, kidogo tu. Itaziba mpaka Ruti."

Hiyo ni dawa ya mafundi wa kwetu, wanaifanya barabarani miaka yote. Lakini mimi sikuijua. Kidogo ni kiasi gani?

Ningeuliza. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nikimuuliza mtu kitu moyo unaanza kukimbia, hata mtu huyo awe baba yangu. Nikaingia jikoni. Kwetu Mama akisema "pika bugari kidogo", yaani ugali, ni ya watu watatu. Basi nikapima ya watu watatu. Bakuli zima, wakuu. Nikakoroga na maji vizuri, nikamimina, nikafunga kifuniko, nikafuta mikono. Nilijiona fundi!

Tukaondoka. Mama alipiga vigelegele mpaka tukapotea kwenye kona. Kazi yangu ndani ya gari ilikuwa moja tu, kumkumbusha Papa upande, maana Kongo tunapita kulia na Uganda kushoto. "Kushoto, Papa. Kushoto." Nilikuwa nanong'ona. Watu wa boda wanapunga mikono, gari linanguruma, mimi nacheka nanong'ona, nacheka nanong'ona.

Nusu ya njia kuna mlima. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Papa akasimamisha pembeni. Moshi mweupe ukatoka kwenye boneti.

Papa akanusa. Akanusa tena.

"Mapendo. Hii ni harufu ya bugari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulitia ngapi?"

Nikaonyesha kwa mikono. Ukubwa wa bakuli.

Papa akakaa chini kwenye majani. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliuma. Ilikuwa saa nne na nusu.

Lori dogo la maziwa likasimama. Dereva, kijana wa Kinyankore, alisema anaitwa Mugisha, anatoka kushusha maziwa anarudi kwao Bwizibwera. Nyuma ana makopo matupu na mawili ya maji ya kuoshea. Akachungulia.

"Banange! Nyinyi napika ndani ya motoka?"

Papa akasema kwa sauti ndogo, "Imekufa, ndugu yangu."

"Haikufa, ssebo, bwana. Niko na kamba. Nafunga, navuta mpaka Mbarara. Bure."

Papa akatazama barabara, akatazama mikono yake. Nikaona anaanza kuinamisha kichwa, kile cha kukubali.

"HAPANA!"

Wakuu, huyo alikuwa mimi. Sijui sauti ilitoka wapi. Hata mbuzi wa upande wa pili waliinua vichwa.

"Hapana kamba! Kaka, tusaidie maji. Hayo maji ya kopo. Tutoe bugari, tuongeze maji, twende, tusimame, tuongeze tena. Papa akifika na kamba hapati kazi! Na huu unga nilitia mimi, Papa hana kosa!"

Mugisha alinitazama kama ameona kuku anaongea. Halafu akacheka mpaka akashika mlango wa lori.

"Haya, Afande," akaniambia mimi! "Leta kopo."

Tulingoja ipoe, maana ukifungua rejeta ya moto unaungua uso. Papa akachomoa mpira wa chini. Bugari ikaanza kutoka, wakuu, mabonge! Mugisha anamimina juu, Papa anachokonoa chini kwa waya wa spoku, mimi nafinya mpira. Mugisha kila bonge likianguka anauliza, "Na mboga iko wapi?" Papa alijizuia, akajizuia, halafu akacheka na yeye. Tukacheka watatu pale barabarani na saa inakimbia.

Kutoka pale tulisimama mara saba kuongeza maji. Mugisha alitufuata nyuma mpaka Ruti, ingawa kwao ni barabara nyingine kabisa.

Tulifika saa sita kasoro dakika nane. Watu wa chuma walikuwa wameshafika, wamekaa juu ya gari lao. Papa akawasha taa mchana huo. Ya kulia, halafu ya kushoto.

Afande akapiga boneti kwa kidole, akasikiliza. Akapiga tena pembeni. Bati tupu, hakuna mastiki. Akainama, akapapasa uso wote wa gari aliloligongesha yeye mwenyewe.

"Mukongo. Ng'ombe nilipiga na wapi?"

Papa akamwonyesha. Afande akapapasa pale, akatikisa kichwa. Akatoa ufunguo wa kibanda mfukoni, ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu, akamwekea Papa mkononi. Halafu akawageukia wale watu.

"Nyinyi, rudi nyumbani. Hakuna chuma hapa. Hapa kuna gari."

Tumefungua wiki mbili zilizopita. Rejeta ya Celica tumeshaibadilisha. Jana dereva wa teksi aliingia akasema, "Maitre, niangalizie huu mlango," na Papa akajifanya anatafuta nyundo ili tusimwone uso.

Nilichojifunza ni kidogo: usipojua kipimo, uliza. Ukiuliza, unaona haya dakika moja. Kunyamaza kunaweza kupika bugari katikati ya mlima. Mama bado ananitania, "Weye unaona haya hata kwa baba yako aliyekuzaa?"

Mafundi mlioko humu, semeni basi, unga wa rejeta kipimo chake ni vijiko vingapi? Na wewe uliyewahi kuharibu kitu kwa sababu uliogopa kuuliza, shusha kisa chako hapa chini. Nitajibu kila mtu. Naogopa, lakini nitajibu.