Kioo cha Pijo la Baba

Baba alirudi kutoka hospitali akiwa na neno moja. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia, mguu wake wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia sala, ambazo alizisoma bila kukosea, na neno hilo moja la kuzungumza na watu. Ukimuuliza kama anataka uji, kioo. Ukimuuliza kama mto umekaa vizuri chini ya kichwa, kioo. Wageni walidhani anatania, maana enzi zake alikuwa mtu wa mzaha.

Baba akiwa bado wodini, mama yangu alifariki. Alikuwa barazani kwetu Kaloleni akichambua mchele, akasema kifua kinambana, akaenda kujilaza, basi. Alizikwa kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi yetu. Mimi na shangazi yangu, dada yake Baba, tulikuwa miongoni mwa waliomwosha. Wanaume wakambeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani na sinia la mchele ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuondoa.

Baba aliporudi, shangazi alikaa kitandani pake, akamshika ule mkono mzima, akamwambia polepole kwamba mkewe ametangulia mbele ya haki. Baba akamtazama. Kisha akageuza uso kwenye dirisha akasema, "Kioo."

Hatukujua kama amesikia. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Watu walikuja kutupa pole, nami nikawajibu wote, lakini mtu niliyetaka kulia naye hakuwa amefiwa bado. Siwezi kulia peke yangu, sina kipaji hicho. Nikiwa peke yangu huwa nakasirika tu.

Shangazi alikuwa wa kwanza kulishughulikia lile neno. Alimletea Baba kioo chake cha kunyolea ndevu. Baba akakisukuma. Shangazi akaamua kwamba basi anaogopa kioo, akakifunika kioo cha kabati kwa leso. Baba akakunja uso. Asubuhi moja nilipovuta pazia, aliinua mkono wa kushoto akaonyesha nje, chini ya mwarobaini, lilipokuwa limesimama Pijo lake, gari lake la zamani.

Nikasema, kumbe!

Lilikuwa Pijo 404 la bodi ndefu, rangi ya samawati, la zamani kuliko mimi. Baba alilitumia kubebea mizigo ya wafanyabiashara, na Jumapili akitupakia sisi kwenda Kendu Bay kwa wazazi wa Mama. Macho yake yalipoanza kumsumbua aliliegesha pale, na kwa kuwa hakuwa mkono wa birika, kila rafiki aliyekwama alikuja na spana akaondoka na kitu. Mwisho tawi la mwarobaini lilianguka likavunja kioo cha mbele. Mtu yeyote akilitazama lile gari, kitu cha kwanza anachokiona ni ule uwazi usoni, mfano wa mtu aliyeng'olewa meno. Anataka kioo chake, nikasema. Anataka gari lake. Nikaweka akilini mwangu kwamba likisimama gari, Baba naye atasimama, na akisimama atamtafuta Mama, ataelewa, na tutalia.

Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule. Gari nalijua kwa viti vyake tu. Nikamtafuta mekanika wa Nyalenda, mtu mwembamba mwenye mdomo. Alilizunguka Pijo mara kadhaa, akachungulia chini, akajifuta mikono ingawa hakuwa ameshika chochote.

"Madam," akasema, "kwani hii gari unataka kuendesha ama kuzika?"

"Wewe fungua boneti. Maneno tutaongea baadaye."

Akafungua. Kabureta hakuna, redieta hakuna, kifuniko cha distributa hakuna, stata ipo lakini imekufa. "Hata panya wamehama," akasema. Nilitaka kumfukuza, lakini alikuwa amekwisha kulala chini ya gari, miguu nje, anapiga mluzi, na mtu anayepiga mluzi chini ya gari lililokufa namna ile huwezi kumfukuza.

Redieta tuliipata Nyamasaria, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ikabidi izibwe hapa na pale. Mwenye uwanja alitaka kutupa na taa za nyuma za gari jingine kabisa. "Itaingia tu mama, tunalazimisha." Nikamwambia kulazimisha alazimishe ndoa yake. Nilikuwa hivyo siku zile. Nilizunguka mji nikigombana na watu kuhusu vyuma ambavyo mwaka uliotangulia nisingevijua nikivikanyaga.

Kabureta ilinipeleka kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza spea tangu nikiwa mtoto. Siku hizi duka lake lina mifereji na matangi ya maji. Nilipomtajia Pijo la samawati alicheka mpaka akashika kaunta.

"Ile ya bluu! Baba yako naendesha, mama yako nakaa nyuma kama memsahib. Huyu baba yako haangalii barabara kabisa, kabisa! Siku moja karibu nagonga mkokoteni yangu hapa mlangoni."

Nikacheka naye. Ni kweli Baba hakuwa dereva wa kusifiwa, na ni kweli Mama alikaa nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha bibi, mama yake Baba, na hakuna mkaza mwana mwenye adabu ambaye angemwambia mama mkwe asogee. Bibi alipofariki, Mama alijaribu mbele mara moja, akateremka kabla ya kufika Ahero akarudi nyuma. Alisema kule mbele aliona magari yote yanamjia yeye.

"Msalimie mama," akasema yule mzee.

Nikamwambia. Akavua miwani, akaiweka juu ya kaunta, akapanda ngazi. Alishuka na kabureta ingali ndani ya karatasi yake yenye grisi, na kifuniko cha distributa juu yake. "Chukua," akasema. "Mama yako ilikuwa nanisalimia vizuri sana." Nikatoka pale nikiwa nimevikumbatia vile vitu kifuani, gauni limechafuka, na bado sikulia.

Kioo cha mbele ndicho kilichokuwa kazi. Mekanika aliuliza kila gereji. Hatimaye akasikia kuna Pijo kama letu Awasi, limekatwa nusu, nyuma ya nyumba ya mama mmoja. Tulikwenda na pikapu ya kukodi. Kweli lilikuwapo, na kioo chake kizima, na nyuma ya kioo kulikuwa na kuku. Yule mama alikuwa amelifanya banda. Palipokuwa na usukani alikaa tetea amejitandaza juu ya mayai, akatutazama kupitia kioo kwa jicho moja.

"Kioo nitawapa," yule mama akasema, "lakini si sasa. Huyu amelalia. Mkigongagonga hapo ataacha mayai."

"Mama, baba yangu ni mgonjwa."

"Pole sana, nyathina, mwanangu. Lakini huyu pia ni mama ya watu. Ngoja atotoe."

Mekanika alicheka njia nzima. Mimi nilinuna. Nyumbani Baba alikuwa amepunguza kula, uji ukimtiririka kidevuni, na shangazi alianza kuniangalia kwa yale macho ya kusema jiandae. Baba yangu alikuwa akiisha, na mimi nilikuwa nasubiri kuku.

Nilijishughulisha na viti. Niling'oa vitambaa vya zamani nikavitumia kukatia vipya. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa mtu mmoja, na kwenye mshono wake nikakuta maganda ya njugu, yale mekundu mepesi, mengi, ya safari zote za Kendu Bay. Mama alikuwa akimenya njugu na kutugawia. Nikayatia kwenye bahasha. Kisha nikashona dari. Nilivuta kitambaa kikakaza vizuri kutoka mlango hadi mlango, na mahali palipokuwa na matundu mawili ya skrubu, katikati mbele, nilipitisha kitambaa juu yake kwa ustadi hata usingejua kuna kitu. Nilijisifu. Nilimwita shangazi aje aone.

Kuku alitotoa. Tulirudi Awasi, mekanika akakitoa kile kioo kwa uangalifu ambao sikujua anao, tukakifunga ndani ya godoro, nami nikapanda nyuma ya pikapu nikakishikilia hadi Kaloleni, upepo wa barabarani ukinipiga usoni. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, siku ile nilikuwa na furaha, wiki chache baada ya kumzika mama yangu.

Kilipokwisha kuwekwa tulimtoa Baba kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Nilikisugua kioo hadi kikang'aa, nikasimama kando mfano wa mtoto anayengoja kusifiwa. Baba akakitazama kwa muda mrefu.

"Kioo," akasema.

"Ndiyo, Baba! Kioo!"

Akatikisa kichwa. "Kioo." Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na mpumbavu.

"Kioo ndicho hicho!" nikamfokea. "Nimekifuata hadi Awasi, nimegombana na kuku! Unataka kioo kipi kingine?"

Shangazi akanivuta mkono, akaniuliza kama nimerukwa na akili, kumfokea mgonjwa. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku injini ilipowaka ilikuwa asubuhi. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi uliowafukuza majirani ukutani, likazima, likawaka tena, na safari hii likakaa likitetemeka chini ya mwarobaini. Watoto wakapiga kelele. Mekanika alinyoosha mikono juu kana kwamba amefunga bao. Yeye na jirani wakamnyanyua Baba wakamkalisha mahali pake, nyuma ya usukani. Sikutarajia aendeshe, nilitaka tu akae.

Aliushika usukani kwa mkono wa kushoto. Akatazama barabara kupitia kioo changu cha Awasi bila kukijali hata kidogo. Kisha ule mkono ukaacha usukani ukapanda juu, katikati, ukagusa dari. Ukapapasa. Ukaenda kushoto, ukarudi kulia, juu ya kitambaa changu kilichokaza, kama unavyotafuta swichi umeme ukipotea.

"Kioo," akasema, kwa upole sasa.

Ndipo nilipomwona Mama. Nilimwona nyuma pale, njugu mapajani, akimpigia Baba kelele: "Tazama mbele, wewe mwanamume!" Na Baba akijibu, "Mbele kuna nini cha kutazama?" Kioo cha ndani, kile kidogo cha juu ya dereva, cha kutazamia magari yanayokuja nyuma. Baba hakuwahi kutazama gari lolote ndani yake. Alikuwa amekiinamisha kikamkabili Mama, na safari zote za maisha yao aliendesha hivyo, jicho moja barabarani. Yule mzee wa Kihindi aliniambia, nami nikacheka tu. Rafiki gani wa Baba aliking'oa, sijui.

Kioo cha namna hiyo kinauzwa kila mahali. Mekanika alikwenda kwa gari bovu lililokuwa gerejini kwake akarudi nacho mfukoni. Nilichukua mkasi nikalitoboa dari langu mwenyewe, nikayatafuta yale matundu kwa ncha, akakifunga.

Baba akakishika. Akakiinamisha polepole, chini, kushoto, mpaka pale alipopazoea. Akatulia. Ndani ya kioo kulikuwa na kiti nilichokishona mimi, kipya, hakijabonyea popote.

Alingoja. Ilikuwa kungoja kwa mtu ambaye mkewe amerudi ndani kuchukua leso. Injini ilikuwa ikinguruma. Sikuweza kuvumilia kile kiti. Nilifungua mlango wa nyuma nikaingia, nikakaa upande wa kushoto, na nilipoinua uso, macho yake yalikuwa juu yangu.

Watu husema nimechukua sura ya Mama. Alinitazama sana. Kwanza uso wake ulifunguka, na nikatamani ubaki vile, nikatamani niwe mimi ndiye yeye. Kisha nikamwona anatambua. Niliona macho yake yakinipitia mimi, yakitafuta aliyepaswa kuwapo, yakirudi kwangu.

"Inna lillahi," akasema, "wa inna ilayhi rajiun." Aliisema kwa mshtuko, kama habari imemfikia sasa hivi mlangoni.

Akainua mkono akakigeuza kioo kikatazama barabara, kama madereva wengine wanavyoweka. Sikuyaona macho yake tena, nilibaki na kisogo chake na sikio lake moja lililotetemeka.

"Pole, mama," akaniambia, maneno yake ya kwanza yasiyokuwa kioo wala sala.

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni. Sasa, mtu akikupa pole, jibu lake linajulikana, nimeshapoa, nami nilikuwa nimewajibu hivyo wote waliofika barazani kwetu, hata nisiowajua. Nilifungua mdomo nimjibu Baba, na jibu likakataa kutoka. Tukalia, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka mekanika akapitisha mkono dirishani akazima injini.